Rozari ya Mtu Mwingine

Mimi sijataja jeneza, nilimwambia mama. Nimesema sanduku. Sanduku na jeneza si kitu moja.

"Kwa huyo mama wa Endarasha ni kitu moja," akasema. Alikuwa anamenya viazi na hata hakuniangalia. "Ukimwambia leo ati vitu aliletewa hazikuwa za mtoto wake, kesho ataanza kujiuliza ni nani alizikwa nyuma ya nyumba yake. Utaenda kumfukua? Ni wewe utashika jembe?"

"Baba amesema miili ilikuwa na watu wake wa kuishika. Yeye hakugusa miili."

"Baba yenu amesema. Na hii miaka yote alikuwa amesema nini?"

Hapo alikuwa amesema ukweli. Lakini mimi si mtu wa kunyamaza sana. Nikarudi. "Jumapili historia ya mtoto wake itasomwa kanisani, mama. Kwa maikrofoni. Na ni mimi niliandika. Unataka nikae hapo kwa benchi nikisikiliza watu wakisomewa uongo yangu?"

"Si uongo kama hukuwa unajua."

"Sasa najua."

"Basi jua ukiwa umefunga mdomo. Ama nikupeleke kwa dadako Skuta, Nyeri mjini, ukajulie huko."

Nikatoka nje. Saa hii nimekaa kwa ngazi ya stoo ya viazi, bado kuna mwanga, na nataka kuandika yote mara moja kabla nianze kuipanga vizuri. Nikianza kuipanga nitaanza kumtetea baba.

Baba alikuwa mwanajeshi. Aliandikwa Nyeri akiwa kijana, siku ya kukimbia uwanjani bila viatu na kufunguliwa mdomo ili waangalie meno kama ng'ombe wa soko. Hiyo ndiyo hadithi ya jeshi peke yake anapenda kutoa. Mimi nilizaliwa Nanyuki, akiwa kambini. Halafu alipelekwa Somalia mara mbili, na aliporudi mara ya pili akastaafu, tukahamia hii shamba hapa Mweiga. Tuko na ng'ombe wawili na viazi. Watu humwita Afande, hata wazee waliomshinda miaka. Kukiwa na sikukuu ya serikali, chifu humwomba avae medali akae viti vya mbele, na baba huwa mgonjwa. Kila mwaka, siku hiyo hiyo, tumbo.

Watu wanafikiria alikuwa mtu wa bunduki. Vijana wa kupakia viazi kwa lori humuuliza, "Afande, huko uliua wangapi?"

"Niliua blanketi na sufuria," anawajibu.

Wanacheka, na yeye anaendelea kufunga gunia. Lakini huo ndio ukweli. Alikuwa mtu wa stoo. Blanketi, sabuni, uzi, viatu, kila kitu ilitoka kwa mkono wake na ikaandikwa kwa kitabu yake. Kile hakuwa anaambia vijana wa lori ni kwamba mwanajeshi akifa, ni mtu wa stoo huchukua vitu zake moja moja, anaziandika, anazipanga kwa sanduku ndio zirudi nyumbani.

Baada ya chakula ya mchana baba hulala kwa kiti, na akilala anaongea. "Soksi, jozi tatu. Taulo, moja. Kioo, kimoja. Sabuni, nusu." Mimi na dada yangu tukiwa wadogo tuliifanya ikawa wimbo ya kuruka kamba. Soksi jozi tatu, unaruka mara tatu. Sabuni nusu, unatoka. Tulikuwa tunaruka hapo tu nje ya dirisha yake, tukiimba kwa nguvu. Siku moja alitoka, akachukua kamba mikononi mwetu, akaenda akafunga ndama nayo. Tulidhani ni kelele imemuudhi.

Na aliacha kuenda misa. Sisi ni Wakatoliki kutoka kwa babu, na yeye ndiye alikuwa anatuamsha Jumapili. Aliporudi kutoka Somalia alianza kukaa benchi za nyuma. Halafu akawa anasimama nje kwa mlango. Halafu akabaki nyumbani na ng'ombe. Mama alisema vita imemgombanisha na Mungu. Padri akaja, akapewa chai, akaenda. Hakuna mtu aliuliza ni nani alikuwa amekaa mbele, yule baba alikuwa anamhepa.

Alikuwa shosho mmoja, bibi mzee wa Endarasha. Mtoto wake alikuwa mwanajeshi pia, akafia Somalia. Mimi nilikuwa namjua kwa macho tu, mwanamke mwembamba wa rozari, ambaye anatoka mbali hivyo kila Jumapili kuja misa yetu.

Jumanne alikuja kwa duka. Mimi nafanya kazi kwa duka ya kuchapa na kupiga kopi, karibu na pale magari ya Nyeri husimama. Kazi yetu kubwa ni mazishi na ukumbusho. Nimekuwa mjuzi kiasi kwamba naweza kuandika maisha ya mtu kwa dakika ishirini: alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaugua kwa uvumilivu. Familia zinalia nikiandika na mimi naangalia saa. Nasema hii kwa sababu ni kweli na sijivunii.

"Maitu," shosho akaniambia. Hiyo ni mama kwa Kikuyu, vile wazee wetu huita msichana mdogo wakimpenda. "Wewe si ni wa Afande?"

"Ni mimi, shosho."

"Basi wewe utaiandika vizuri. Baba yako alikuwa na mtoto wangu huko."

Alitaka historia ya mtoto wake, isomwe kwa misa ya ukumbusho Jumapili hii. Wakati wa mazishi, alisema, wanajeshi ndio walisoma, wakasoma namba na cheo, na yeye hakusikia mtoto wake hapo ndani. Akafungua mfuko wa plastiki akaanza kupanga vitu kwa kaunta, polepole, na mimi nikasogeza karatasi za watu wengine.

Ya kwanza ilikuwa sweta ya kijani. Akaikunjua, akaishika mabegani kama mtu anapima. Ilikuwa kubwa.

"Umeona vile alinenepa? Aliondoka hapa kama mti wa maharagwe. Nilikuwa nakosa usingizi ati huko hawakuli. Hii ilipokuja nikasema, asante Mungu, walikuwa wanamlisha."

"Walimlisha kabisa, shosho."

"Wacha kunicheka."

"Sikucheki."

"Wewe unacheka na macho, kama baba yako zamani." Halafu akatoa rozari shingoni. Shanga za mbao, nyeusi kwa kushikwa. Ilikuwa imekatika mahali ikaungwa na uzi ya kijani, mafundo matatu madogo. "Mimi sikujua alikuwa amegeuka Mkatoliki. Hakuniandikia. Nadhani aliogopa. Sisi kwetu ni watu wa kanisa ingine, mimi nimepika hadi harusi za hilo kanisa na sufuria zangu. Lakini nilipoona hii kwa sanduku nikasema, kama mtoto alienda akiomba hivi, mimi nitamwombea vipi? Tutapotezana."

Kwa hivyo aliacha kanisa yake. Alisema alirudisha kitambaa cha kichwa cha akina mama, kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Wenzake walisema ameuza imani. Kuna mmoja waliolewa mwaka moja, wakalea watoto pamoja, na mpaka leo huyo akimwona sokoni anageukia kabeji. Ndio maana anakuja misa Mweiga, kwa sababu huko kwao aliona haya kuingia kwa mlango wa Wakatoliki, wale wa kanisa yake ya zamani wakimwangalia.

"Na alikuwa anaiomba kweli?" nikauliza. Nilikuwa nataka sentensi.

"Kila jioni."

"Nani alikuambia?"

"Baba yako."

Niliandika vizuri siku hiyo kuliko siku zote. Niliandika kijana wa sala, aliyekata shauri peke yake mbali na nyumbani. Niliandika rozari aliyoiunga kwa mikono yake. Nilimsomea na yeye akalia, na mara hii sikuangalia saa. Nikamwambia nitachapa nakala Ijumaa, nikaenda nyumbani na karatasi moja, kwa sababu nilitaka baba aone.

Alikuwa anakatia ng'ombe nyasi. Nikasimama hapo nikaanza kusoma kwa sauti ya kanisa. Alikuwa anakata, anakata, halafu nikafika kwa rozari na panga ikasimama.

"Uzi wa rangi gani?" akauliza.

"Kijani."

Akaweka panga chini, akapangusa mikono kwa suruali. "Huo uzi ni mimi nilitoa," akasema. "Lakini sikumpa huyo."

Nitaandika alivyosema, bila kuongeza.

Walikuwa wawili. Gari yao ilikanyaga bomu iliyofukiwa kwa barabara. Mmoja alikuwa kijana wa Endarasha. Mwingine alikuwa mtu mkubwa, mnene, wa upande wa ziwa huko magharibi, Mkatoliki, ambaye rozari yake ilikatika wiki moja kabla, akaja kwa stoo kuomba uzi, akaiunga hapo hapo kwa kaunta akitoa jasho, na baba akamcheka vidole zake. Siku hiyo baba alipewa kazi ya vitu zao. Alikuwa peke yake. Masanduku yalikuwa ya mbao, ya kufanana, vifuniko vya kupigwa misumari. Alipanga vitu za kila mtu kwa sanduku yake. Halafu akaandika majina juu ya vifuniko na rangi nyeupe, akaviegemeza ukutani vikauke, kwa sababu alitaka majina yatoke safi, yasichafuke. Hiyo ndiyo kitu inaniuma. Ni usafi ndio ulimponza. Upepo ya vumbi ikaja, akaviingiza ndani mbio, mtu akapiga kelele ndege inaondoka, na akapigilia misumari, kila kifuniko kwa sanduku ya mwingine.

"Na hukuangalia?"

"Nilikuwa naangalia, mami." Baba huniita mami kwa sababu niko na jina ya mamake. "Macho yalikuwa yamejaa."

Hakujua hadi miezi kadhaa baadaye, alipokuja likizo akaenda Endarasha kumpa pole yule mama. Alikaribishwa, akawekewa uji, na mama akaleta sanduku ili wafurahie pamoja vitu za mtoto. Juu kabisa ilikuwa rozari.

"Aliniuliza kama kijana alikuwa anaomba. Nilikuwa na uji mdomoni, nikaitikia na kichwa. Akauliza, kila siku? Nikasema kila jioni. Kichwa ikishaitikia, unairudisha vipi?"

Akarudi kambini na hakusema. Alingoja watu wa ziwa walalamike ndio afunguliwe njia. Hawakulalamika. Anasema hata leo simu ikiita na namba hajui, anaiacha iite mpaka ikatike, halafu anakaa akiishika.

Nilimuuliza kama huwa anawaota. Nilitarajia aseme ndoto.

"Huyo mkubwa hunijia mchana," akasema. Alikuwa anaongea kama mtu anataja hali ya hewa. "Nikiwa nakata nyasi, ama napima viazi. Anasimama vile walikuwa wanasimama kwa kaunta, mikono juu ya mbao, anangoja ahudumiwe. Hasemi kitu. Mimi namuuliza, unataka nini? Anangoja tu."

Ng'ombe alikuwa amemaliza nyasi na alikuwa anatuangalia. Nikaona baba anaangalia nyuma yangu, mahali hakuna mtu, na nikasonga pembeni. Sijui kwa nini nilisonga. Mwili ulimpisha mtu.

"Na huyo kijana wa Endarasha?"

"Huyo haji."

"Alikuwa anaomba?"

Hapo ndipo baba alicheka kidogo, na hiyo kicheko iliniogopesha kuliko ile habari ya mtu wa kaunta. "Huyo? Huyo alikuwa anaimba. Nyimbo za kanisa ya mamake, za Kikuyu, akiosha sahani. Sauti kama mbuzi amefungiwa. Tulikuwa tunamrushia viatu. Alikuwa na kitabu ya nyimbo, mgongo imeshonwa upya na mamake. Niliiandika mimi mwenyewe. Kitabu cha nyimbo, kimoja."

"Iko wapi?"

"Iko kwa watu wa ziwa. Kama hawakuchoma. Watasoma Kikuyu na nini?"

Hiyo ndiyo nilijaribu kuambia mama jioni hii na hakunisikia. Yeye anasema tumwachie shosho amani yake. Lakini amani gani? Ameacha kanisa yake na marafiki wa maisha yake yote ili amfuate mtoto, na mtoto hakuwa ameenda popote. Mtoto alikuwa anaimba nyimbo zake hadi wiki ile alikufa, na watu watatu kwa hii boma tunajua, na yeye hajui. Halafu Jumapili tutamsimamisha mbele ya watu tumsomee mtu wa ziwa.

Na huyo mtu wa ziwa naye. Pengine ana mama pia. Pengine huyo mama amekaa na kitabu hawezi kusoma na sweta ndogo, akijiuliza mtoto wake alikonda vipi.

Najua vile mama anaogopa, na hata mimi naogopa. Najua shosho ataniuliza jeneza. Halikufunguliwa, wanajeshi walisema lisifunguliwe, na huku kwetu mtu asipoangaliwa uso, mazishi hubaki kama imesimama katikati. Alizika mbao. Kile kilimhakikishia ni sanduku. Nikitoa sanduku, anabaki na nini ya kushika? Nimekaa hapa na hiyo swali tangu maziwa ya jioni yachukuliwe.

Jana baba alisema, "Usimwambie wewe. Nitamwambia mimi."

"Lini?"

"Kesho."

Kesho ndiyo leo. Leo sikuenda duka, nikabaki nikimwangalia; asubuhi alirekebisha ua ambao haujaharibika. Mchana alilala kwa kiti, na nikasikia taulo moja, kioo kimoja, na mara ya kwanza maishani nikajua kioo ilikuwa ya nani na ilienda wapi. Alipoamka nikamuuliza na akasema kesho. Mama akasikia akiwa jikoni, ndio tukaanza ile vita yetu ya viazi.

Sasa hivi baba ameketi kwa kiti yake nje, mgongo kwangu. Nimekuwa nikimwangalia nikiandika. Kuna mtu amepita barabarani akampigia saluti ya mchezo, "Afande!" na yeye akainua mkono. Halafu mkono ikabaki juu kidogo, kama alikuwa anaonyesha mtu mwingine angoje.

Nilikuwa nimepanga nimkasirikie. Nimejaribu, na haikai. Lakini kumhurumia pia ni njia ya kungoja, na nimemwona miaka yangu yote akingoja, na huyo mtu mkubwa akingoja na yeye, wote wawili kwa kaunta moja.

Kwa hivyo nimekata shauri, na naiandika ndio nisiibadilishe nikilala. Kesho ni Ijumaa na sitachapa kitu. Nitaamka saa kumi na moja, nikamue, halafu nimgongee baba na nimwambie avae koti tunaenda Endarasha, yeye ndiye ataongea. Akisema tumbo, nitaenda peke yangu. Sitabeba ile karatasi. Nitamwambia shosho kwanza vile mtoto wake alikuwa anaimba akiosha sahani, vile sauti yake ilikuwa mbaya, na viatu alirushiwa. Nitamwacha acheke ama alie. Halafu nitamwambia rozari si ya mtoto wake, na akiniuliza ya jeneza nitamwambia sijui, na nitakaa hapo hadi aniambie niende.

Mama ameniita nikachukue sufuria. Nimemwambia nakuja, na nimemwambia pia kesho asinipikie chai.